Kurekebisha kifua baada ya upasuaji: Mzigo usioachiwa mgonjwa peke yake

SHIMONI, takriban kilomita 75 kusini mwa Mombasa, ni kijiji kinachoishi kwa bahari. Wanaume wake wengi ni wavuvi, manahodha na mabaharia wanaowavusha wageni kwenda Wasini na katika mbuga ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Katika kazi hizo fulana huvuliwa mapema na kifua hakifichiki. Kwa sababu hiyo, upasuaji wa kupunguza matiti ya mwanamume, ambao wengi huuona kuwa anasa ya matajiri wa mijini, ni jambo linalostahili kujadiliwa bila kejeli katika mwambao wa Kwale.

Hali hiyo, ambayo kitaalamu huitwa ginekomastia, hutokea tezi ya titi inapokua kwa mwanamume kutokana na kuvurugika kwa uwiano wa homoni. Si sawa na unene wa kawaida, ingawa mambo hayo mawili huweza kukutana katika mwili mmoja. Takriban nusu ya wavulana huipata wanapobalehe, na kwa wengi wao hutoweka yenyewe katika muda wa miezi sita hadi miaka miwili.

Kwa watu wazima, chanzo chaweza kuwa maradhi ya ini au ya figo, unywaji wa pombe wa muda mrefu, dawa za kutunisha misuli, au dawa halali za hospitalini. Mojawapo ni efavirenz, iliyotumiwa kwa miaka mingi kutibu watu wenye virusi vya Ukimwi. Kenya ilianza kuleta dolutegravir mahali pake mwaka wa 2017, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza barani Afrika kufanya hivyo. Hata hivyo, titi lililokaa muda mrefu hugeuka kuwa nyama ngumu, na kubadilisha dawa pekee huenda kusilirudishe lilivyokuwa.

Hapo ndipo kisu kinapohitajika. Daktari hukata nusu duara kwenye ukingo wa weusi unaozunguka chuchu, akaitoa tezi, na mara nyingi hufyonza mafuta yaliyo kandokando. Kwa maelezo, kazi hiyo huonekana nyepesi. Ugumu wake umo katika kujua kiasi cha kuacha.

Akiondoa nyama yote iliyo nyuma ya chuchu, ngozi hushikamana na misuli ya kifua na kuacha shimo mfano wa kisahani, ambalo huonekana zaidi mkono unapoinuliwa. Akiondoa kidogo mno, uvimbe hubaki. Akipunguza upande mmoja kuliko mwingine, kifua hupinda. Titi likiwa kubwa tangu mwanzo, ngozi iliyozidi hulegea na kukunjamana. Damu au majimaji yaliyojikusanya chini ya ngozi bila kuondolewa nayo huweza kuacha mabonde na vinundu. Aidha, kifua ni miongoni mwa sehemu za mwili ambako kovu huelekea kuvimba na kuwa keloidi, jambo linalowapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi.

Kasoro hizi hurekebishika, lakini si kwa haraka. Kwa kawaida wapasuaji hushauri mgonjwa asubiri kati ya miezi sita na mwaka mmoja ili uvimbe uishe na kovu lilainike, kwani baadhi ya mabonde ya miezi ya mwanzo hujisawazisha yenyewe. Baada ya hapo, shimo lililobaki huzibwa kwa kuachanisha ngozi na misuli, kisha kujaza mafuta yaliyofyonzwa tumboni au pajani mwa mgonjwa mwenyewe. Sehemu ya mafuta hayo hunywewa na mwili, hivyo huenda kazi ikarudiwa. Tezi iliyosalia hukatwa tena, ngozi iliyolegea hupunguzwa kwa gharama ya kovu refu zaidi, nayo keloidi hudungwa sindano za steroidi kwa awamu.

Jambo la msingi ni kwamba upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Mpasuaji hukuta makovu mahali palipokuwa na tabaka laini, na damu haifiki kwenye chuchu kwa wepesi ule ule. Anayehitaji marekebisho anahitaji mtaalamu mwenye ujuzi zaidi ya yule aliyeanza, na hapa ndipo umbali wa Shimoni unapogeuka kuwa sehemu ya ugonjwa.

Hospitali kubwa ya karibu ni ile ya rufaa ya Msambweni. Kutoka hapo mgonjwa huelekezwa Mombasa, katika Hospitali Kuu ya Pwani ambayo wengi huiita Makadara. Wataalamu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile ni wachache nchini na wengi wao wako Nairobi. Kila safari ya uchunguzi ni siku ambayo mvuvi hakwenda baharini. Baada ya upasuaji hutakiwa avae fulana ya kubana kwa wiki kadhaa na asibebe vitu vizito, mashaarti ambayo mtu anayevuta nyavu kila alfajiri hawezi kuyatimiza bila kukosa riziki.

Afrika Mashariki iliwahi kulitambua tatizo hili la umbali mapema. Shirika la Madaktari Warukao, ambalo leo ni Amref, lilianzishwa mwaka wa 1957 na wapasuaji watatu: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. McIndoe alikuwa amepata sifa kwa kuwatengeneza upya nyuso na mikono marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Wazo lao lilikuwa kumpeleka mtaalamu kwa ndege hadi alipo mgonjwa wa kijijini. Upasuaji wa maumbile, basi, haukuingia katika ukanda huu kama urembo, bali kama huduma kwa wanyonge.

Leo mpaka kati ya urembo na tiba ndio unaoamua nani atalipa. Bima kwa kawaida haigharimii upasuaji wa urembo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024, huwakata wafanyakazi asilimia 2.75 ya mshahara. Mchangiaji ana haki ya kuuliza iwapo shimo lililoachwa na kisu kifuani, lenye maumivu na kovu linalovuta, ni urembo au ni jeraha. Jibu la haki ni kwamba madhara ya matibabu ni sehemu ya matibabu, na hayafai kutupwa katika kapu la anasa.

Usimamizi nao una nafasi yake. Mnamo Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki baada ya kufyonzwa mafuta katika kliniki ya Nairobi, na Baraza la Madaktari likaifunga kliniki hiyo. Mgonjwa asingoje hadi maafa yatokee. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inampa haki ya kuelezwa hatari na njia mbadala kabla ya kutoa idhini. Ana haki ya kupeleka malalamiko kwa Baraza hilo, na madai ya uzembe mahakamani kwa kawaida hutakiwa kufunguliwa ndani ya miaka mitatu.

Kabla ya kisu chochote, mwanamume aulizwe dawa anazotumia, apimwe ini na homoni, na uvimbe mgumu wa upande mmoja uchunguzwe, kwa kuwa saratani ya matiti huwapata wanaume pia ingawa ni chini ya asilimia moja ya wagonjwa wake wote. Mengi ya hayo yanaweza kuanzia Msambweni.

Tangu mwaka wa 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti. Kwale na jirani zake zikikubaliana kumleta mtaalamu wa maumbile Msambweni kwa zamu, atawahudumia pia walioungua moto na watoto wenye midomo iliyopasuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa juu ya kifua cha mtu ambaye nauli ya safari ya pili hana.