Manne Yaliyobaki
Wapo wanaomwambia kijana wa Kayanga, kule Karagwe, kwamba utunzi wa programu za kompyuta hauhitaji tena mazoezi: mashine itamwandikia, naye anakili. Huo ni ushauri wa mtu asiyewahi kuhesabu mizani kwa vidole.

Dave Thomas, mtunzi wa programu, alikuwa akimsubiri mwanawe kwenye mafunzo ya karate alipobaini kuwa majaribio aliyokuwa akiyafanya kwenye kompyuta yake yalikuwa mazoezi vilevile. Karate ina kata, yaani mfuatano wa mapigo unaorudiwa pasi na adui mbele. Thomas akawatungia wenzake kata 21. Ya pili ndiyo inayowakera wavivu: tafuta namba katika orodha iliyopangwa, kwa kuigawa nusu kwa nusu, kisha uandike jibu mara tano, siku tano, kila siku kwa mbinu nyingine. La kwanza likifaa, manne ya nini?

Na aulizwe mghani wa nanga (ya nyuzi, si ya jahazi) huko huko Kagera. Kisa cha shujaa anakijua, lakini kila akikighani hukisuka upya mbele ya hadhira. Angekariri usemi mmoja tu, siku akisahau ubeti angenyamaza. Na mcheza kirumbizi wa Lamu? Fimbo ya mwenziwe haimsubiri akumbuke.

Mnakili programu yake ikikwama, ataomba nakala nyingine, asijue kosa la ile ya kwanza lilikuwa wapi. Kijana wa Kayanga anastahili kompyuta na umeme kabla ya mawaidha, hilo halina ubishi. Lakini akishavipata, asipokonywe yale majibu manne.