Mfumaji wa West Indies na Kalamu ya Historia

Aghalabu historia ya Eldoret husimuliwa kwa matukio makuu: reli iliyowasili mwaka 1924, uhuru wa 1963, ghasia za mwanzoni mwa 2008. Mfumaji aliyepanga chumba mtaani West Indies huihesabu miaka vingine: mwaka alioajiriwa, mwaka mashine zilipozimwa. Kiwanda cha nguo cha Rivatex kilipofungwa, wanauchumi waliandika habari za ufilisi. Nyumbani kwa mfumaji palibaki karo na kodi zisizolipika.

Shafi Adam Shafi alilitambua pengo hili. Katika riwaya yake Kuli (1979), mgomo wa wachukuzi wa Zanzibar wa mwaka 1948 hautazamwi kutoka ofisi za wakoloni, bali kwa macho ya Rashidi, mchukuzi wa bandarini. Hapo ndipo msomaji anapofahamu gharama ya tarehe.

Mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda hicho. Mashine zilinunulika, kumbukumbu za waliozifanyia kazi hazinunuliki. Mwanafunzi wa fasihi hana budi kuzifuata mitaani, wenyewe wangali hai.