Wazimu kwenye ukoo si hukumu ya ukoo

Wiki jana nilikuwa Busibwabo, Kaunti ya Busia, kumchukua kijana wa mtaani kwetu Mombasa. Yeye ni utingo. Lori lao lilikuwa kwenye foleni ya kuvukia Uganda alipoanza kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Akashuka na kupotea kwa miguu, mpaka mama mmoja wa Busibwabo akamuokota, akamlisha na kumlaza kwake siku mbili bila ya kumjua. Mola amlipe kheri.

Hatujafika nyumbani, maneno yakatutangulia: "Kwao wana wazimu, hata mjomba wake alikuwa hivyo hivyo." Posa ya dadake ikasimama. Upande wa mume umerudi nyuma.

Je, maradhi ya akili hurithiwa? Ndiyo, kwa kiasi. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2022 ulipata sehemu 287 kwenye vinasaba zinazohusishwa na skizofrenia. Lakini nyingi huongeza hatari kidogo mno, na kila mmoja wetu amebeba baadhi yake, hata hao waliosimamisha posa. Kati ya ndugu 10 wa mgonjwa wa skizofrenia, karibu 9 hawaugui.

Vingi katika vinasaba hivyo hufanya kazi ubongoni. Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali, na kila kemikali ina vipokezi vyake, mfano wa ufunguo na kufuli. Dopamini ikizidi, mtu anaweza kusikia sauti pasipo na mtu. Dawa kama haloperidoli huziba vipokezi vya dopamini, na wengi hutulia.

Sasa tuutazame muguka. Kathinoni iliyomo ndani yake huimwaga dopamini hiyo hiyo. Vijana wetu huutafuna usiku kucha kutoka bandarini hadi mpakani, usingizi hawaujui. Mei 2024 Mombasa na Kilifi ziliupiga marufuku, Mahakama Kuu ikasimamisha amri hizo. Tulibishana juu ya biashara, ushuru na siasa. Utingo hatukumtaja.

Daktari bado hajaupa ugonjwa wa kijana huyu jina. Huenda ni muguka na kukosa usingizi tu. Mtaa umeshatoa hukumu, na aliyehukumiwa ni dadake.

Hofu yangu iko mbele zaidi. Vinasaba vilivyochunguzwa sana duniani ni vya watu wenye asili ya Ulaya. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis umekuja kuziba pengo hilo kwa kukusanya sampuli za maelfu ya watu Ethiopia, Uganda, Afrika Kusini na Kenya, kwetu kupitia Kilifi na Eldoret. Ni kazi njema, huenda ikatuletea dawa zinazotufaa zaidi. Lakini elimu hiyo ikifika barazani na fikira zetu zikiwa hizi hizi, itakuwa silaha mpya ya kuvunjia posa.

Kijana tumemsomea kisomo na hospitali tumempeleka. Kimoja hakikatazi kingine. Sasa analala usiku.

Nanyi wa upande wa mume, mlimchunguza binti dini yake na tabia zake mkaridhika. Hayo hayajabadilika. Yule mama wa Busibwabo hakuuliza ukoo kabla ya kufungua mlango.