Setilaiti inaliona wingu la radi Tabora, lakini onyo linafika lini?

Magharibi mwa Tanzania kuna msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili. Ndio msimu wa tumbaku na mahindi kule Urambo na Sikonge, na ndio msimu wa radi. Januari 2025, wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe katika mkoa jirani wa Geita, waliuawa na radi wakiwa shuleni. Je, wingu la namna hiyo haliwezi kuonekana mapema?

Linaweza. Setilaiti za Meteosat za Ulaya, zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, hupiga picha za Afrika nzima mchana na usiku. Za kizazi cha pili hutoa picha kila baada ya dakika 15. Meteosat-12, iliyorushwa Desemba 2022, hutoa kila baada ya dakika 10, na ina kifaa cha kunasa mimweko ya radi.

Mtabiri haangalii umbo la wingu tu. Setilaiti hupima pia joto la kilele chake: wingu likipanda, kilele huzidi kuwa baridi. Kilele kikipoa kwa kasi kati ya picha moja na nyingine, hiyo ni dalili kwamba wingu la radi linakua.

Kwa Tabora jambo hili lina uzito wa pekee. Rada za hali ya hewa zilizo karibu ziko Mwanza na Kigoma, zaidi ya kilomita 250 kutoka mjini. Kwa kuwa dunia ni mviringo, kwa umbali huo mwale wa rada hupita zaidi ya kilomita tano juu ya ardhi, na wingu changa linaweza kubaki chini yake. Setilaiti hutazama kutoka juu.

Misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji, iliyopumzika Tabora, ilitegemea macho ya wapagazi kujua mvua inakuja. Leo picha ipo, ila haimfikii mwalimu wala mkulima yenyewe. Tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kwa kawaida hutaja mikoa na siku. Radi inahitaji kata na dakika, kwani wingu huweza kukomaa ndani ya saa moja.

Kwa mtazamo wetu, kazi iliyobaki iko ardhini: ujumbe wa simu kwa walimu wakuu, redio za mikoani zinazoweza kukatiza kipindi, na vizuia radi kwenye madarasa. Kwa sasa, ukisikia ngurumo, ondoka shambani, usijikinge chini ya mti, ingia kwenye jengo imara au gari lililofungwa, na subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.