Ndani ya Kichupa Mna Nini?

Siku hizi protini ya binadamu iliyoundwa na bakteria ni kitu cha kawaida katika maabara za utafiti. Jeni ya binadamu hupandikizwa katika bakteria aitwaye Escherichia coli, naye huisoma kana kwamba ni yake, akaunda protini ambayo hakuwa nayo kamwe. Insulini ya binadamu ilipatikana kwa njia hiyo mwaka 1978 huko California. Tangu hapo zimetengenezwa nyingine nyingi, na sehemu yake kubwa si dawa, bali ni za kuchunguzia jinsi seli zinavyopashana habari. Protini hutiwa juu ya seli zilizooteshwa katika kisahani, kisha mtafiti hutazama seli hizo zitajibu nini.

Kazi hiyo ina thamani kubwa. Ina mtego pia, na mtego wenyewe unamhusu hata mwanafunzi wa kidato cha pili.

Miongoni mwa protini zinazoilinda seli dhidi ya joto kali imo iitwayo Hsp70. Ndani ya seli husaidia protini nyingine zijikunje katika umbo linalozifaa. Kuelekea mwaka 2000 na baada yake, watafiti kadhaa walitangaza kwamba Hsp70 ya binadamu ikitoka nje ya seli hugeuka kuwa mjumbe wa hatari: ikizigusa makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu, hizo hutoa TNF, protini inayouamsha mwili upigane na maambukizi. Wazo lilikuwa zuri, na wengi walilipokea kwa furaha.

Lakini Hsp70 hiyo ilitoka katika bakteria, na ukuta wa nje wa Escherichia coli una sumu iitwayo lipopolisakaridi. Kiasi kidogo mno cha sumu hiyo, hata nanogramu chache, chatosha kuziamsha makrofaji. Isitoshe, mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler huko Marekani lilionyesha kwamba kipokezi kinachoitambua sumu hiyo ni TLR4. Na TLR4 hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kudaiwa kuipokea Hsp70. Hapo shaka ilistahili kuzidi.

Watafiti hao hawakuwa wazembe. Sumu waliijua, na waliitafutia dawa: waliichemsha Hsp70. Protini huharibika kwa kuchemshwa, na lipopolisakaridi husifika kwa kustahimili joto. Hsp70 iliyochemshwa ilipokosa nguvu, wakahitimisha kwamba mjumbe ni protini, wala si sumu. Mwalimu wa Biolojia ataitambua hoja hii mara moja, kwani ni ile ile ya mate na wanga: mate mabichi huvunja wanga hata iodini isigeuke buluu, ilhali mate yaliyochemshwa hayafanyi kitu.

Mwaka 2003 Gao na Tsan, watafiti wa Marekani, waliisafisha Hsp70 hata ikabaki karibu bila sumu. Makrofaji zikanyamaza. Kisha wakaichemsha sumu peke yake, kwa kiasi kidogo kama kile kilichokuwamo katika protini isiyosafishwa vema. Nayo ikapoteza nguvu! Ustahimilivu uliosifiwa haukuonekana sumu ilipokuwa kidogo namna hiyo. Kuchemsha, kwa hiyo, hakukutenganisha chochote.

Huenda mtu akasema kwamba lililokosekana ni kipimo. Kipimo kilikuwapo. Damu ya kaa mmoja wa pwani ya mashariki ya Marekani, mwenye gamba la umbo la kwato ya farasi (naye kwa kweli ni jamaa wa buibui kuliko kaa), huganda ikikutana na sumu hiyo, na maabara zimeitumia kwa miongo mingi. Kilichopungua ni swali: je, kiasi cha sumu kilichopimwa chatosha chenyewe kuleta jibu lililoonekana?

Swali la namna hiyo halifundishwi vya kutosha shuleni. Mwanafunzi huandika «neli ya pili: mate yaliyochemshwa» kwa sababu mtihani hulitaka jibu hilo, wala haulizwi katika mate mna nini kingine, au moto umekibadilishaje. Anayekariri hivyo atachemsha vivyo hivyo atakapofika chuo kikuu. Walimu watajibu kwamba mtaala ni mrefu na vifaa ni haba, na hilo ni kweli kabisa. Hata hivyo dakika tano za kumtaka mwanafunzi aandike, kabla ya jaribio, ni matokeo gani yangemwonyesha kwamba wazo lake si sahihi, hazihitaji kifaa chochote. Na neli ya tatu, yenye wanga na maji matupu, yagharimu maji tu.