Nani Avumiliaye? Kauli Kuhusu Riwaya za Mahasimu Wapendanao

Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu katika shule moja ya upili ya wasichana, niliwakuta wanafunzi wa Kidato cha Tatu wakipokezana riwaya ya mahaba iliyochakaa jalada. Niliwauliza ni kwa nini msichana wa hadithi ile alimpenda mwanamume aliyekuwa akimdhalilisha tangu kurasa za mwanzo. Mmoja wao alisimama, akanijibu: "Mwalimu, anayekuchokoza ndiye anayekupenda." Darasa zima lilicheka kwa kumuunga mkono. Nami nikatabasamu, nikaendelea na somo la ngeli. Makala hii ni jibu nililostahili kulitoa siku ile.

Riwaya ninazozirejelea ni zile ambamo wahusika wakuu wawili huanza kwa uhasama, kisha mapenzi yao yakachukua muda mrefu kukomaa. Mapenzi ya aina hii ni kama moto wa pumba: hauna mwali, lakini huunguza chini kwa chini. Wengi wetu tulizijua kupitia vijitabu vya Mills & Boon, shirika la uchapishaji lililoanzishwa London mwaka wa 1908. Vilipita kutoka kitanda hadi kitanda bwenini, tukavisoma kwa tochi chini ya blanketi. Wapo wahakiki wanaozibeza riwaya hizi kuwa fasihi pendwa isiyostahili kujadiliwa. Mimi siungi mkono kauli hiyo. Kinachosomwa na wengi kwa hamu kiasi hicho kinastahili kuhakikiwa, si kupuuzwa.

Mvuto wake hauna siri kubwa. Kwanza, ni mvuto wa lugha. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Much Ado About Nothing, iliyochapishwa mwaka wa 1600, Beatrice na Benedick hawakutani bila kurushiana vijembe. Msomaji aliyelelewa katika utamaduni wa malumbano ya ushairi ataitambua ladha hiyo mara moja: anayejibizana nawe beti kwa beti amekusikiliza kwa makini kuliko anayekusifu. Pili, ni mvuto wa taharuki. Msomaji hutambua mapenzi kabla ya wahusika wenyewe, na kila ukurasa humwongezea hamu. Tatu, ni faraja ya kuamini kwamba mtu anaweza kuziona kasoro zetu zote, kisha akatupenda.

Mfano bora wa kazi za aina hii ni Pride and Prejudice, riwaya ya Jane Austen iliyochapishwa mwaka wa 1813. Darcy anamdharau Elizabeth dansini katika sura ya tatu. Katika sura ya 34, anamposa kwa majivuno, huku akimkumbusha uduni wa jamaa zake. Elizabeth anamkataa waziwazi na kumweleza sababu. Riwaya ina sura 61. Kwa hiyo karibu nusu ya kitabu inakuja baada ya ukataaji huo. Je, muda huo wote unatumiwa kufanya nini? Unatumiwa kumbadilisha Darcy, na pia kumfanya Elizabeth atambue kuwa alimhukumu kwa haraka katika baadhi ya mambo. Darcy analipa fedha ili kuinusuru heshima ya mdogo wake Elizabeth, naye anataka jambo hilo lifichwe. Anapomposa tena, yuko tayari kunyamaza iwapo Elizabeth bado hamtaki.

Linganisha riwaya hiyo na Pamela ya Samuel Richardson, iliyotoka mwaka wa 1740. Pamela ni mtumishi wa miaka 15. Bwana wake anamwandama, anajaribu kumtenza nguvu, kisha anamteka na kumfungia katika nyumba nyingine. Hatimaye anaguswa na wema wa msichana huyo, anamwoa, na ndoa hiyo inasawiriwa kuwa tuzo ya uadilifu wake. Hata katika zama hizo wapo walioishuku hadithi hii. Henry Fielding aliikejeli katika Shamela mwaka uliofuata.

Kazi hizi mbili zinaanza na uhasama na kuishia katika ndoa, na zote zinakwenda polepole. Tofauti yake iko wapi? Kwa maoni yangu, iko katika swali moja: nani avumiliaye? Kwa Austen, mkosaji ndiye anayengoja, anayejirekebisha na kugharamika bila kuahidiwa chochote. Kwa Richardson, mkosewa ndiye anayestahimili hadi mkosaji achoke kumtesa. Beatrice na Elizabeth wana uwezo wa kusema la na kwenda zao. Pamela amefungiwa mlango. Uhasama wa walio sawa ni malumbano. Uhasama wa mwenye nguvu dhidi ya mnyonge ni udhalimu, hata ukipambwa kwa maua.

Huenda mtu akasema kwamba hizi ni hadithi tu, na kwamba wasomaji si wajinga. Ni kweli. Janice Radway, katika Reading the Romance (1984), aliwasikiliza wanawake wa Marekani waliosoma riwaya za mahaba, akaonyesha kuwa kusoma kwao kulikuwa njia ya kujitengea muda wao wenyewe. Hata hivyo, alibainisha pia kwamba riwaya hizo humzoesha msomaji kuufasiri ukali wa mwanamume kuwa upendo uliofichika. Hapo ndipo ninapomkumbuka yule mwanafunzi wangu. Jamii yetu tayari humwambia msichana kwamba mvumilivu hula mbivu. Akiipata kauli hiyo tena katika kitabu anachokipenda, atajuaje wakati wa kuacha kuvumilia?

Fasihi yetu haijawa kimya kuhusu suala hili. Katika Utengano (1980), Said Ahmed Mohamed alimsawiri Maksuudi, baba na mume ambaye ukatili wake unaisambaratisha nyumba yake, wala hakuufanya ukatili huo kuwa kivutio cha mapenzi. Ninalowaomba waandishi chipukizi wa chama chetu ni kwamba wasiiogope riwaya ya mahaba. Lugha ya kujibizana tunayo, na subira ya kusimulia tunayo. Waandike kuhusu mahasimu wapendanao, ila mzigo wa subira wamtwike aliyekosa.

Nikirudi darasani leo, nitamjibu mwanafunzi yule hivi: anayekuchokoza huenda akakupenda, lakini mtazame siku utakapomwambia aache.