Mafunzo ya Mikono kwa Madaktari wa Kitui na Makueni

Tiba ya mikono ya kiosteopathia ni ustadi wa daktari kupapasa, kunyoosha na kusukuma misuli na viungo ili kupunguza maumivu na kurudisha mwendo wa mwili. Ilizaliwa Marekani. Andrew Taylor Still aliitangaza mwaka 1874, na mwaka 1892 akafungua chuo mjini Kirksville, Missouri. Wahitimu wa vyuo vya aina hiyo huko ni madaktari kamili, wanaoandika dawa na kufanya upasuaji. Nchini Kenya kazi iliyo karibu nayo zaidi ni ya wataalamu wa fiziotherapia, waliotungiwa sheria yao mwaka 2014.

Ukambani, ziliko Kitui na Makueni, maumivu ya mgongo hayaulizi umri. Yupo anayebeba mtungi wa lita 20 kutoka mtoni, yupo anayechimba makinga maji ya fanya juu, na yupo anayeshinda juu ya bodaboda. Mara nyingi tiba huwa ni vidonge au sindano ya kutuliza, na mgonjwa hurudi na maumivu yale yale. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unakubali mazoezi, ukandaji na tiba ya mikono ya uti wa mgongo, na unakataa dawa za jamii ya afyuni. Tiba hiyo ya mikono, hata hivyo, imekubaliwa kwa masharti, maana ushahidi wake bado si mzito.

Daktari wa Kenya hutakiwa kukusanya pointi 50 za mafunzo kila mwaka ili leseni yake ihuishwe. Nyingi hupatikana kwa kukaa na kusikiliza. Hotuba ya saa mbili humfikisha daktari kwenye pointi; kwenye uti wa mgongo haimfikishi. Ustadi wa tiba ya mikono hufunzwa wawili wawili, mmoja amelala kitandani. Mwanafunzi huweka viganja juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikutane katikati, karibu na pingili ya nne ya kiuno. Mwalimu naye huweka mkono wake juu ya ule wa mwanafunzi, ajue nguvu ni kiasi gani.

Somo la kwanza liwe ni mgongo usioguswa. Nundu yenye ncha, homa, jasho la usiku na kukonda huashiria kifua kikuu cha uti wa mgongo. Pingili hizo zikisukumwa, mgonjwa anaweza kupooza. Aliyeshindwa kukojoa au aliyekufa ganzi kati ya mapaja ni wa rufaa siku hiyo hiyo.

Warsha ya wikendi haizai osteopathi, yaani mtaalamu kamili wa tiba hii. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2010 vinataja takriban saa 1,000 za mafunzo kwa aliye tayari mtaalamu wa afya, na 4,200 kwa anayeanza. Kinachowezekana mjini Wote, Makueni, na mjini Kitui ni kidogo zaidi, lakini kina faida: kupima vizuri, mbinu chache za upole, na kujua wa kumpeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mtaalamu huyo ndiye anayefaa kuwa mwalimu, hata kama baadhi ya madaktari wataona wameshushwa cheo.

Huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti tangu 2013. Idara za kaunti hizi mbili ziombe pointi zitolewe kwa daktari aliyepimwa mikono yake ikiwa mgongoni mwa mtu, si kwa aliyetia sahihi mlangoni.